Je, Wajua? Mti wa Miaka Elfu Tatu Uliopewa Jina Mwaka 2025

Je, wajua kwamba mpaka mwaka 2025 Tanzania ilikuwa na mti wa mita 40 kwenda juu ambao haukuwa na jina katika kitabu chochote cha sayansi? Wataalamu wa mimea, wakiwemo Andrea Bianchi, Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma, waliukuta mwaka 2019 katika milima ya Udzungwa, ndani ya misitu miwili ya vijiji iitwayo Uluti na Boma la Mzinga. Shina lake, likipimwa juu ya mizizi mipana inayojitokeza ardhini, linafikia upana wa mita 2.7. Maua yake ni meupe. Jina lake jipya ni Tessmannia princeps, na lilitangazwa katika jarida la mimea liitwalo Phytotaxa.

Na je, wajua umri wake? Kwenye kipande cha shina watafiti walihesabu pete 12 hadi 15 za ukuaji ndani ya sentimita moja tu. Mti unaonenepa kwa mwendo huo, ukishafikia upana wa mita mbili na zaidi, umeishi muda ambao akili inachelewa kuukubali. Makadirio yao ni kwamba ile mikubwa kabisa ina miaka 2,000, huenda hata 3,000. Mti wa miaka 3,000 ulishakuwa mkubwa kabla Nabii Isa hajazaliwa, kabla Kilwa haijajengwa, na kabla mpagazi wa kwanza wa Kinyamwezi hajajitwisha pembe kwenda Bagamoyo.

Miti iliyokomaa inayojulikana ni kama 100 hivi, yote katika mabonde ya huko huko Udzungwa.

Msomaji wa Tabora atauliza: Udzungwa na sisi wapi na wapi? Je, wajua kwamba mti huo ni ndugu wa muyombo? Wote wamo katika jamii kubwa ya kunde, na ndani ya jamii hiyo wamo katika tawi moja ambalo wataalamu huliita Detarioideae. Tawi hilo ndilo linaloifunika Tabora: muyombo, mtundu, muba na mkola yote ni ya ukoo huo. Msandarusi wa pwani nao umo, ule ambao utomvu wake mgumu uliuzwa Unguja na Bagamoyo kwa watengeneza rangi za kung'arisha mbao huko Ulaya na Marekani. Anayesimama Sikonge mwezi wa Septemba akasikia maganda ya mtundu yakipasuka kwa kishindo na kurusha mbegu, anasikia ukoo wa mti ule wa Udzungwa ukizaa.

Nasisitiza undugu huu kwa sababu tumezoea kuugawa msitu mara mbili. Upo msitu wa milimani, wenye ukungu na ndege adimu, ambao wageni huja kuuona; na lipo pori, ambalo ni kuni. Tabora imewekwa kwenye fungu la pili kwa zaidi ya miaka mia.

Je, wajua kwamba pori hilo lilianza kuandikwa na wasafiri mapema kuliko sehemu nyingi za bara? Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani. Speke alirudi na James Augustus Grant, na mwaka 1861 walikaa Unyanyembe, hapo hapo Tabora, kwa muda mrefu. Grant alikuwa akikausha mimea njia nzima, kutoka pwani mpaka Misri. Mkusanyo wake ulifika bustani ya Kew, Uingereza, na ukachapishwa katika miaka ya 1870 ukijaza juzuu nzima, ya 29, ya jarida la Linnean Society ya London.

Je, wajua muyombo wenyewe umepewa jina la nani? Kwa sayansi unaitwa Brachystegia boehmii, kwa heshima ya Richard Böhm, Mjerumani aliyeishi katika vituo vya Kakoma na Igonda, kusini mwa mji wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Alikuwa mtaalamu wa wanyama, na ndege kadhaa pia wana jina lake. Alikufa Katanga mwaka 1884 akiwa bado kijana wa miaka 29.

Wasafiri hawa wote walipita njia ile ile ya misafara. Walikusanya walipopiga kambi, walikusanya walipougua na kulazimika kusubiri, walikusanya kwenye visima. Mtu akiwa na wapagazi mia na chakula cha siku nne hapindi kuingia kilomita thelathini porini kutafuta ua. Baadaye ikaja reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata karibu uelekeo ule ule. Kwa maoni yangu jambo hili linastahili kusemwa kwa sauti: tunachokijua juu ya miti ya magharibi kimeelemea kando ya njia. Tessmannia princeps haikujificha mahali popote. Ilikuwa imesimama juu ya miti mingine yote bondeni, ila bonde lenyewe halikuwa kwenye njia ya watu wa kalamu.

Je, wajua kwamba usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliangukia jumba la mimea iliyokaushwa la Berlin na kuliteketeza? Ndimo zilimokuwa sampuli zilizokusanywa tangu enzi ya Wajerumani huku kwetu, nyingi zikiwa ndizo sampuli za kwanza kabisa ambazo majina ya miti yetu yalitolewa kwazo. Kwa hiyo baadhi ya majina yalibaki yakielea bila ushahidi wake, na wataalamu waliofuata walilazimika kutafuta sampuli za jozi London, Brussels na kwingineko, au kurudi porini upya.

Kazi ya kuandika mimea yote ya Afrika Mashariki ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na ikakamilika mwaka 2012. Miaka 60. Ina zaidi ya spishi 12,000. Tangu juzuu ya mwisho itoke, spishi mpya hazijaacha kuongezeka.

Je, wajua kinachohitajika ili mti uhesabiwe kuwa na jina? Kwanza sampuli: tawi lenye majani, na ua au tunda, lililobanwa na kukaushwa. Sampuli moja huteuliwa kuwa ya msingi na kuhifadhiwa daima katika jumba la mimea, ili yeyote mwenye shaka aende akaiangalie. Kisha maelezo yanayoonyesha mti huu unatofautianaje na ndugu zake, yachapishwe hadharani. Kuanzia mwaka 1935 mpaka mwisho wa 2011 maelezo hayo yalikuwa lazima yawe kwa Kilatini. Tangu 2012 Kiingereza nacho kinakubalika. Na jina lolote la mmea lililotolewa kabla ya tarehe 1 Mei 1753 halihesabiwi, kwa kuwa hiyo ndiyo siku iliyokubaliwa kuwa mwanzo, kwa kitabu cha Linnaeus wa Sweden.

Je, wajua kwamba siku hizi majina hayaendi kwa wageni tu? Mwaka 2019 mti wa Usambara Mashariki ulipewa jina la Mischogyne iddii, kwa heshima ya Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea Mtanzania. Ni wa jamii ya mstafeli na mtopetope. Nafurahi kila nikiliona jina hilo limechapwa. Grant na Böhm hawakubeba mizigo yao wenyewe, na hawakujionyesha wenyewe mti upi unatoa dawa na upi unaua samaki. Watu waliowaonyesha hawamo katika majina ya Kilatini ya karne ile.

Turudi njiani. Je, wajua Mgunda Mkali? Wapagazi waliokwisha kuivuka Ugogo, wakitozwa hongo na kila mtemi, walikutana na sehemu waliyoiogopa kuliko ushuru: nyika kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, maji haba, vijiji haba, wanyama wengi. Ndani ya eneo hilo, upande wa Manyoni na Itigi, kuna uoto ambao hauna mfano wake karibu: vichaka vya Itigi. Ni miti midogo ya mita tatu hadi tano, imesongamana mpaka mtu hawezi kupita wima, inapukutisha majani yote wakati wa kiangazi, na inaota juu ya mchanga wenye tabaka gumu chini yake. Uoto kama huo unapatikana hapo na tena mbali kusini-magharibi, Zambia, karibu na ziwa Mweru Wantipa na ncha ya kusini ya Tanganyika. Upande wa Zambia sehemu kubwa imeshafyekwa. Upande wetu nao umepungua sana, kwa mashamba na mkaa.

Miongoni mwa vichaka hivyo upo mmea uitwao Burttia prunoides, ambao uko peke yake katika jenasi yake. Uliandikwa mwaka 1931. Jina ni la Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara ya utafiti wa mbung'o huko Shinyanga. Kazi yake ilikuwa kujua mbung'o hukaa kwenye miti gani, na kwa sababu hiyo alitembea mapori ambayo misafara iliyakwepa. Alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege pamoja na mkuu wake, Charles Swynnerton. Sijui kama kuna mtu aliyetembea nyika ya kati kwa miguu akiwa na macho ya mimea kumzidi, na ni jambo la kusikitisha kwamba jina lake halijulikani hata Itigi.

Mbung'o wenyewe, kwa kuwaua ng'ombe na kuwaletea watu malale, waliyalinda mapori ya magharibi kuliko sheria yoyote ya ukoloni.

Je, wajua kwamba mti unaotajwa zaidi katika njia ya misafara ni mgeni? Miembe ya Bagamoyo, Kwihara, Tabora na Ujiji ilitoka Bara Hindi, ikaletwa na wafanyabiashara wa pwani, na mingine ikaota kwenye kokwa zilizotupwa kambini. Njia yenyewe iliwekwa mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayoombewa kuwa Urithi wa Dunia, ikihesabiwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Miembe hiyo ni ukumbusho wa watu waliotembezwa kwa minyororo na wa wapagazi waliokufa njiani, na inastahili kutunzwa. Hata hivyo mwembe ukikatwa Kwihara, duniani imebaki mingine mamilioni.

Je, wajua kwamba gome la mti lilimsafirisha mmisionari David Livingstone? Alikaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi, akaondoka tarehe 25 Agosti, na akafa alfajiri ya 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walimtoa moyo wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye shina. Mwili waliukausha, wakaufunga kwa shuka, wakauingiza ndani ya gome lililobanduliwa zima zima kutoka kwenye mti, kwa ufundi ule ule unaotumika kutengeneza malindo ya nafaka na mizinga ya nyuki. Walifika Kwihara Oktoba 1873. Verney Lovett Cameron, aliyekuwa hapo na msafara wake, aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Walipofika Kasekera, mbele ya Tabora, wakasikia kwamba wenyeji wa njia hawataki maiti ipite. Wakatengeneza mzigo wa uongo wa mabua ya mtama, watu wachache wakaubeba kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe ukatolewa kwenye gome, ukafungwa upya uonekane kama robota la nguo. Bagamoyo wakaingia Februari 1874.

Mti uliofunika ule moyo ulianza kuoza. Mwaka 1899 ukakatwa na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Kule Chitambo huitwa mpundu. Kwa Kilatini ni Parinari curatellifolia, na Tabora kila mtoto aliyechunga mbuzi anaujua: ni mbula, ule wenye matunda matamu yanayookotwa chini.

Sasa tuje kwenye neno zito. Je, wajua maana ya spishi kuwa "hatarini kabisa kutoweka"? Ni daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini, katika Orodha Nyekundu ya shirika la IUCN. Vipo vigezo kadhaa, na kimoja kikitimia kinatosha: miti iliyokomaa iwe chini ya 50, au eneo inaloota lisizidi kilomita za mraba 10, limegawanyika na linaendelea kuharibika, au idadi iwe imeporomoka kwa asilimia 80 na zaidi ndani ya vizazi vitatu. Tessmannia princeps, pamoja na uchache wake, ilipendekezwa kuwekwa daraja la chini ya hapo, miongoni mwa spishi zilizo dhaifu. Msitu wake una wenyewe.

Karomia gigas haikuwa na bahati hiyo. Je, wajua mti huu? Ulikusanywa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1977, na huko ukakatwa. Ikaonekana basi umekwisha. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta wilayani Kilwa, na hesabu ya miti inayojulikana ni kama dazeni mbili tu. Kizuizi kikubwa ni mbegu: matunda yanaanguka kwa maelfu, ukiyapasua karibu yote hayana mbegu nzima, na kuvu huzishambulia hata zilizo nzima. Mwaka 2018 matunda yalipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, na miche michache ikapatikana ndani ya banda la kioo. Huko ndiko wataalamu walikopata kuliona ua lake, rangi ya zambarau. Tulikuwa na mti ambao hatujawahi kuliona ua lake likichanua, na tayari ulikuwa umebaki mmoja mmoja.

Wilayani humo humo umo mti mwingine wa aina hii: Erythrina schliebenii, ndugu wa mwamba-ngoma kwa maua yake mekundu, ulitangazwa kutoweka kabisa mwaka 1998, kisha ukapatikana tena katika misitu ya pwani ya kusini. Miti iliyokomaa haifiki 50.

Hali hii si ya kwetu tu. Cameroon, mwezi Januari 2022, mti mpya wa msitu wa Ebo uliitwa Uvariopsis dicaprio, kwa jina la mwigizaji Leonardo DiCaprio, kwa sababu alisaidia kupaza sauti mpaka kibali cha kuvuna msitu huo kikafutwa. Nao uko hatarini kabisa.

Je, wajua hesabu ya dunia? Tathmini iliyotolewa Oktoba 2024 ilizipima spishi za miti 47,282; spishi 16,425 zilikutwa katika hatari ya kutoweka, yaani zaidi ya theluthi. Watafiti wengine walikadiria mwaka 2022 kwamba duniani kuna spishi za miti kama 73,000, na kati ya hizo karibu 9,200 hazijaandikwa bado na mtu yeyote. Nyingine huenda zinakatwa wiki hii.

Tabora haina mti wenye sifa kama Karomia, lakini ina mninga. Je, wajua kwamba mche wa mninga hufa juu kila kiangazi, miaka hata kumi mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini? Unasubiri uwe na akiba ya kutosha kuchipuka kwa kasi, kichwa kikapita urefu wa moto wa majani. Baada ya hapo bado unahitaji miongo mingi, karibu karne, ili upasuliwe mbao nzuri. Fundi wa kitanda anapoifurahia ile rangi ya mbao, anashika kazi ya mti ulioota babu yake akiwa kijana. Tangu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, wa Novemba 2022 huko Panama, mininga na mikola ya Afrika imo kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya nje lazima iwe na vibali; mpingo na jenasi yake yote ilitangulia kuingia mwaka 2017.

Je, wajua kwamba Urambo ilifyekwa kwanza kwa ajili ya karanga? Serikali ya Uingereza, ikitafuta mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matingatinga yakang'oa miyombo. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeshindwa, na Urambo ikageukia tumbaku.

Na tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni. Kila bani linahitaji moto wa siku kadhaa mfululizo, mchana na usiku, na msimu hadi msimu mkulima anakwenda mbali zaidi kuzifuata. Simlaumu mkulima; tumbaku ndiyo iliyolipa ada na kuezeka bati. Vyama vya msingi huwataka wanachama wapande miti, na mabani yanayotumia kuni kidogo yapo. Lakini shamba la mikaratusi halirudishi mtundu, kwa kuwa mtundu na muyombo huishi kwa ushirika na uyoga wa ardhini, ule ule ambao masika akina mama wanaupanga kwa mafungu kando ya barabara. Pori likishalimwa kwa miaka mingi mpaka visiki vimekufa, ushirika huo hauletwi na mche wa kitalu peke yake. Visiki vikiachwa hai, pori la miyombo hujirudia lenyewe kwa kuchipua. Hili ni jambo la kufurahisha kuliko yote niliyoyaandika hapa, na halihitaji mfadhili.

Asali ndiyo biashara inayoupenda mti ukiwa hai. Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki, na nyuki wake wanakula maua ya ukoo ule ule wa Detarioideae. Tatizo la mzinga wa gome ni kwamba mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa; mzinga wa mbao unaondoa hasara hiyo.

Shinyanga, jirani zetu, walionyesha kinachowezekana. Kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 walifufua ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho na kuyapumzisha. Miti ikarudi katika mkoa uliokuwa ukisemwa kuwa unageuka jangwa, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa.

Sasa je, wajua jambo linaloniridhisha zaidi kuhusu ule mti wa miaka elfu tatu? Misitu ulimokutwa, Uluti na Boma la Mzinga, haimo katika hifadhi ya taifa. Ni misitu ya hifadhi ya ardhi ya kijiji, iliyotengwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo inakipa kijiji mamlaka ya kutenga msitu, kuweka sheria ndogo, kufanya doria kwa kamati yake ya maliasili, na kubaki na mapato ya mavuno halali. Karibu nusu ya misitu yote ya Tanzania iko kwenye ardhi za vijiji. Kilwa, vijiji vilivyofuata njia hiyo vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, wakauza mpingo na miti mingine kwa bei ya haki. Tabora, pori la akiba la Ugalla lilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na ni jambo jema; lakini pori ambalo mwananchi wa Uyui, Kaliua au Sikonge analipita kila siku liko mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji chake. Kama halijatengwa, ajenda hiyo inaweza kuwasilishwa katika mkutano ujao, na ofisi ya misitu ya wilaya inaweza kusaidia.

Na ukikutana na mti ambao hata wazee wa hapo hawaufananishi na mwingine? Usiukate kipande kabla ya kuomba ruhusa ya kijiji. Piga picha ya gome, ya jani pande zote mbili, ya ua na ya tunda. Chukua tawi moja dogo, libane kati ya kurasa za gazeti chini ya kitu kizito, ubadilishe gazeti kila siku mpaka likauke. Andika kijiji, tarehe, urefu wa mti, aina ya udongo, na jina la Kinyamwezi au la lugha yoyote inayozungumzwa hapo. Vipeleke kwa afisa misitu wa wilaya, au jumba la taifa la mimea lililoko Arusha, au idara ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tawi lisilo na ua wala tunda mara nyingi haliwezi kutambuliwa, na miti mingi ya miyombo huchanua kati ya Septemba na Novemba, mvua ikikaribia na tumbaku ikiwa imeshauzwa.